Tathmini ya Athari kwa Mazingira: Istilahi Iliyoitangulia Kazi Yake

Tathmini ya athari kwa mazingira ni kazi inayopaswa kufanyika kabla mradi mkubwa haujaanza: kukadiria bwawa, mgodi, barabara au kiwanda vitaifanya nini ardhi, maji, viumbe na watu, ili mwenye mamlaka aamue akiwa anajua anachoamua. Kazi hiyo ilipata nguvu ya sheria kwanza Marekani, kwa sheria ambayo Rais Richard Nixon aliitia saini tarehe 1 Januari 1970. Kenya iliiweka katika sheria yake ya mazingira ya mwaka 1999, Tanzania katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Wataalamu wa Tanzania huifupisha TAM. Wafanyabiashara hawana haja na ufupisho huo. Wao husema wanafuatilia cheti cha mazingira, na kikishatoka, shughuli imekwisha. Majina hayo mawili hayasemi jambo moja. Cheti ni karatasi inayofungua njia. Jina rasmi linadai zaidi ya hapo, na kwa maoni yangu serikali zetu zikitaka kuboresha namna zinavyopitia miradi, hazina haja ya kwenda mbali: zianze kwa kutimiza kile ambacho istilahi yenyewe inakitaja.

Tuitazame. Tathmini imetoka katika Kiarabu, mzizi mmoja na thamani. Ni kupima kitu ili kujua uzito na bei yake, na hakuna anayepima bei bila kulinganisha. Mazingira yametokana na kuzingira, yaani yale yanayotuzunguka pande zote, na humo binadamu yumo ndani, hakusimama kando akiangalia. Kiungo “kwa” nacho kina kazi, ingawa wengi hukiacha na kuandika “athari za mazingira”, kana kwamba mazingira ndiyo yanayoudhuru mradi. Lakini neno lenye siri kubwa ni athari. Kiingereza kilichukua neno la mgongano, la kitu kupiga kingine kwa kishindo. Kiswahili hakikutafsiri kishindo. Kilichukua neno ambalo kwa Kiarabu ni alama au unyayo, kile kinachobaki aliyepita akishapita. Ni kweli kwamba katika mazungumzo limeelemea kwenye ubaya (walioathirika na mafuriko, mtoto aliyeathirika), ndiyo maana ripoti hulazimika kuandika “athari chanya” na mwekezaji akasoma kichwa cha hati kama shtaka dhidi yake. Hata hivyo, kwa kusudi letu, ni chaguo bora kuliko la Kiingereza. Kishindo unaweza kukikisia ukiwa ofisini. Alama lazima urudi kuitazama.

Na kurudi ndiko kunakokosekana. Mbinu za kutabiri zimekuwapo kwa wingi tangu mwanzo. Mwaka 1971 Luna Leopold na wenzake, waliokuwa katika taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani, walitoa jedwali lenye matendo 100 upande mmoja na hali 88 za mazingira upande wa pili. Visanduku 8,800 vya kujazwa alama. Jedwali lilisaidia watu wasisahau mambo, ila lilileta pia imani kwamba kujaza visanduku ni kupima. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1991, Ralf Buckley alichapisha matokeo ya kulinganisha utabiri wa ripoti za Australia na yaliyotokea kweli. Tabiri zilizoandikwa kwa namna ambayo zingeweza kupimwa zilikuwa chache, na usahihi wa hizo chache ulikuwa wastani wa asilimia 44. Walioandika tabiri hizo chache walifanya jambo la maana: waliandika namba, na wakakubali kukosolewa. Ripoti inayosema vumbi “litakuwa la wastani” na samaki “wataathirika kidogo” haiwezi kukosea kamwe, na kwa sababu hiyo haimfundishi mtu kitu.

Mfano ulio karibu nasi ni Kihansi, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania. Mradi wa umeme wa megawati 180 ulichunguzwa kabla ya kujengwa, lakini viumbe wa korongo lenyewe, palipokuwa na maporomoko, hawakuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1996, ujenzi ukiendelea, watafiti wakakuta humo chura mdogo kuliko kidole gumba, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, na asiyejulikana kuishi mahali pengine popote duniani. Alitegemea manyunyu ya maji yanayoanguka, na mitambo ilipowashwa ilichukua takriban asilimia 90 ya maji hayo. Yaliyofuata ni hesabu ya kuchelewa: vinyunyizio vya kutengeneza manyunyu ya bandia, vyura 499 waliosafirishwa hadi Marekani mwaka 2000 ili wazaliane huko, kuporomoka kwa waliobaki mwaka 2003 huku kukigunduliwa kuvu wa maradhi ya vyura, na mwaka 2009 tangazo kwamba wametoweka porini. Wa kwanza kurudishwa nchini walifika mwaka 2010.

Atakayeuliza kama taifa lenye kiu ya umeme likae gizani kwa ajili ya chura ana haki ya kuuliza. Ila swali lake halihusu tathmini, linahusu uamuzi. Huenda taifa lingejua habari za chura na bado likajenga, likiacha maji kiasi fulani yaendelee kuanguka. Tathmini kazi yake ni kuliwezesha kuchagua hivyo mapema, kwa bei ya mapema. Wapo pia watakaosema mazingira ni mapana mno, hayatabiriki kwa namba. Nakubali kwamba hayatabiriki vizuri, na Kihansi ni ushahidi: nani angetabiri kuvu wa maradhi? Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kufuatilia. Asiyejua mvua itanyesha lini hatupi mwavuli.

Pingamizi zito zaidi ni la ucheleweshaji. Mwekezaji hulipa riba kila mwezi anaposubiri, na ofisi zenye watumishi wachache humsubirisha kweli. Lakini angalia Lamu. Mradi wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipata leseni ya mazingira Septemba 2016, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa la kusikiliza mashauri ya mazingira la Kenya likaifuta, sababu kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ya utangulizi ilifanyika, ila matokeo ya uchunguzi hayakurudishwa kwao ili wayajadili. Karibu miaka mitatu ilipotea kwa kukimbilia leseni. Hapa lugha si pambo. Mvuvi wa Lamu hawezi kupinga wala kuunga mkono kitabu kinene cha Kiingereza, na yeye ndiye anayejua samaki hupita wapi mwezi gani.

Kwa hiyo marekebisho ninayoyaona ya lazima ni machache. Kila utabiri mkubwa uandikwe kwa kipimo, mahali na tarehe ya kuangaliwa. Cheti kifungwe kwenye tarehe hizo, na matokeo yachapishwe, yawe mazuri au mabaya. Mshauri mwelekezi anayeandaa ripoti analipwa na mwenye mradi, jambo ambalo ni gumu kulikwepa. Basi kazi yake ipitiwe na jopo lisilo na maslahi, kama Uholanzi inavyofanya kupitia tume yake huru tangu mwaka 1987. Na kumbukumbu za tabiri zilizokosea zitunzwe pamoja, ili anayeandika kuhusu bwawa lijalo asianze na jedwali tupu.

Kanuni za Tanzania za mwaka 2005 zinataka ripoti iwe na muhtasari wa Kiswahili. Mradi ukija kijijini kwako, uombe muhtasari huo, kisha uliza ni nani atakayerudi kupima, na lini.