Mwongozo wa Kuandaa Safari ya Kikundi Kwenda Kutazama Safari Rally Naivasha

Tangu mbio za magari za Safari Rally ziliporejea katika ratiba ya mashindano ya dunia mwaka 2021, mji wa Naivasha, ulio takriban kilomita 90 kaskazini-magharibi mwa Nairobi, umekuwa ukipokea umati mkubwa wa mashabiki kila mwaka. Wengi wao husafiri kwa vikundi: wafanyakazi wa ofisi moja, wanachama wa vyama vya akiba, wanafunzi wa vyuo au jamaa wa ukoo mmoja. Safari ya namna hii hupunguza gharama na kunogesha burudani. Hata hivyo, huongeza wajibu pia, kwa kuwa kosa la mmoja huwagharimu wote. Makala haya yanaeleza mambo ambayo kikundi kinapaswa kuyaamua kabla ya kuondoka, ili kila aliyekwenda arejee nyumbani salama.

Mbio zilivyobadilika

Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia yake ilipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilihesabiwa miongoni mwa mashindano ya ubingwa wa dunia kuanzia mwaka 1973 hadi 2002. Katika enzi hiyo ndefu walivuma madereva kama Joginder Singh, aliyeshinda mara tatu, na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano.

Wakati huo magari yalishindana katika barabara za kawaida, na wananchi waliyasubiri kandokando ya njia vijijini mwao. Siku hizi mashindano hufanyika katika mikondo mifupi iliyofungwa, mingi ikiwa ndani ya mashamba makubwa na hifadhi. Shabiki hawezi tena kusimama popote apendapo. Ni lazima aende katika sehemu iliyotengewa watazamaji, na afike kabla ya njia kufungwa.

Kuchagua mkondo

Uamuzi wa kwanza ni mkondo utakaotazamwa, kwa kuwa malazi, gari na saa ya kuondoka hutegemea uamuzi huo. Mikondo ya Loldia, Kedong na Geothermal iko katika eneo la Ziwa Naivasha. Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior iko kaskazini zaidi, kuelekea mji wa Nakuru. Hell's Gate, iliyo maarufu kwa miamba yake, imekuwa ikitumiwa kuhitimisha mashindano siku ya Jumapili. Mpangilio hubadilika kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, hivyo ratiba rasmi ya mwaka husika ndiyo ya kufuatwa.

Kwa kawaida mkondo mmoja hupitiwa mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri. Kikundi kinachotaka kukimbilia mikondo mitatu kwa siku moja huishia kukaa kwenye msongamano wa magari na kusikia ngurumo kwa mbali. Ni bora kuchagua mkondo mmoja kwa siku, kufika mapema na kutulia hapo.

Fedha na malazi

Kikundi kinashauriwa kuteua kiongozi wa safari na mweka hazina, na watu hao wawe tofauti. Bajeti iandikwe na kusambazwa kwa wote ikionyesha nauli, malazi, chakula, ada za kuingia endapo zitatozwa, na akiba ya dharura. Tarehe ya mwisho ya kulipa itangazwe mapema, pamoja na utaratibu wa kumrudishia fedha atakayejiondoa. Mambo hayo yasipokubaliwa mwanzoni, huzua mzozo siku ya kuondoka.

Vyumba vya Naivasha hujaa na bei hupanda mbio zinapokaribia. Baadhi ya vikundi hulala Gilgil au Nakuru, na vingine hupiga kambi karibu na ziwa. Kabla ya kutuma malipo ya awali, mweka hazina ahakikishe kwamba mahali hapo papo kweli, na kwamba namba ya malipo imesajiliwa kwa jina la biashara husika. Risiti zote zihifadhiwe. Wanaopiga kambi karibu na maji wafuate maelekezo ya wenyeji, kwa kuwa viboko hutoka ziwani usiku kutafuta malisho.

Gari na dereva

Gari la kukodi liwe na leseni halali ya kubeba abiria, bima inayotumika, kidhibiti mwendo na mikanda katika viti vyote. Idadi ya abiria isizidi viti vilivyoidhinishwa, hata kama kuna rafiki aliyejitokeza dakika ya mwisho. Kasi ya magari ya uchukuzi wa umma haipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Sheria ya Trafiki hairuhusu dereva wa gari la aina hiyo kuendesha kwa zaidi ya jumla ya saa nane katika kipindi cha saa 24.

Njia za kuingilia sehemu za watazamaji mara nyingi ni za vumbi, na udongo wa volkeno huwa laini sana. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2023 mbio zilifanyika Juni, lakini tangu mwaka 2024 zimekuwa zikifanyika Machi, mwezi ambao mvua ya masika huanza kunyesha. Gari lililo chini sana laweza kukwama katika vumbi asubuhi na katika tope jioni.

Vitu vya kubeba

Kila msafiri abebe maji ya kutosha, kofia, koti la mvua, viatu vilivyofunika miguu na kitambaa cha kuzuia vumbi. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hivyo baridi ya usiku na alfajiri ni kali. Wenye pumu wawe na dawa zao mfukoni, si katika mkoba ulioachwa garini.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017. Tangu Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika mbuga na maeneo mengine ya hifadhi. Kwa kuwa Hell's Gate ni mbuga ya kitaifa, maji yabebwe katika chupa za kudumu, na takataka zote zirudishwe garini. Ndege zisizo na rubani zisirushwe bila idhini, kwani zinahatarisha helikopta zinazoruka juu ya mikondo.

Usalama kando ya njia

Gari la mashindano likipoteza mwelekeo huacha njia kwa ghafla, na mara nyingi huelekea upande wa nje wa kona. Watazamaji wasimame mahali palipoinuka, mbali na njia, nyuma ya utepe uliowekwa na waandalizi. Wasiketi chini wala kuigeuzia njia mgongo. Kabla ya washindani kupita, magari ya maafisa hutangulia kukagua mkondo. Kuyaona magari hayo si ruhusa ya kuvuka. Hali kadhalika, gari moja likishapita, vumbi lake laweza kulificha jingine linalofuata. Watu wasivuke wala kuondoka hadi maafisa watangaze kwamba mkondo umefunguliwa.

Watoto wakabidhiwe watu wazima kwa majina. Kila msafiri awe na orodha ya wenzake, na mahali pa kukutania pakubaliwe mapema, kwa kuwa mtandao wa simu hulemewa watu wanapokuwa wengi. Wakati wa dharura, namba za kupiga ni 999 au 112.

Safari ya kurudi

Sehemu inayosahaulika zaidi katika mipango ni Jumapili jioni. Mashindano yanapomalizika, maelfu ya magari huelekea Nairobi kwa pamoja, mengine kupitia Mai Mahiu na kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, mengine kwa barabara kuu ya Kinungi. Abiria wamechoka, giza linaingia, na dereva aliyeamka saa kumi alfajiri ili kuwahi nafasi amekaa macho kutwa nzima. Huenda hajafikisha saa nane za kuendesha, lakini mwili wake unadai usingizi.

Suluhisho ni kuliamua jambo hili wakati wa kuandika bajeti. Kikundi kilipie usiku wa ziada na kuondoka Jumatatu asubuhi, au kiajiri dereva wa pili ambaye atapumzika mchana. Dereva asiguse kileo, na apewe chakula na mahali pa kulala kama abiria wengine. Gharama hiyo ikigawanywa kwa watu wote huwa ndogo, nayo ihesabiwe kuwa sehemu ya nauli. Kabla ya gari kung'oa nanga, kiongozi aite majina yote katika orodha, na gari lisiondoke hadi kila jina limeitikiwa.