Lugha ya Mikono katika Jumba la Masultani

Wageni wa Ulaya waliofika Istanbul katika karne ya 16 na ya 17, mabalozi, makatibu na wafanyabiashara, walirejea makwao na kisa kimoja walichokipenda kupita vyote, nacho ni kile cha mabubu wa jumba la Topkapi, watu wasiosikia wala kusema, waliowekwa na Sultani ili wawanyonge kwa kamba wale ambao bwana wao amekwisha kuwahukumia mauti. Kisa hicho hakikuwa uzushi mtupu, kwani Busbecq, balozi wa Habsburg katika zama za Sultani Suleiman, ameandika jinsi mabubu walivyomvamia Mustafa, mwana wa Sultani, ndani ya hema ya baba yake mwaka 1553. Lakini kwa kuikariri habari ya kamba, waandishi wengi wamelipita jambo ambalo kwa rai yangu ni la ajabu zaidi, nalo ni kwamba ndani ya kuta zile hawakuwa viziwi waliolazimishwa kuiga matamshi ya wenye kusikia, bali wenye kusikia ndio waliojifunza lugha ya viziwi.

Sababu yake ilikuwa adabu ya kifalme. Haiba ya Sultani ilitaka kimya, na kunong'onezana mbele yake kulihesabiwa ufidhuli. Basi vijana wa huduma, ambao masikio yao yalikuwa mazima kabisa, ikawapasa kusemezana kwa vidole, kwa macho na kwa kutikisa kichwa. Ottaviano Bon, mjumbe wa Venice mwanzoni mwa karne ya 17, alistaajabu kuona watu wakijadiliana kwa ishara mambo yote ambayo wengine huyajadili kwa ulimi. Naye Paul Rycaut, Mwingereza aliyeandika katika miaka ya 1660, aliwataja mabubu wazee waliokuwa wakiwafundisha wadogo kwa ngano na masimulizi, na akakiri kuwa lugha hiyo haikuishia katika kuomba maji na kuitikia amri, bali iliweza kubeba hadithi ndefu na hata maamrisho ya Kurani. Waliowadhania viziwi kuwa watu wasio na fikra walikuwa na ushahidi huo mbele ya macho yao, na wengi wao wakachagua kuiandika kamba.

Hata hivyo tusiipambe hali ile kuliko ilivyokuwa. Mabubu wa Topkapi hawakuwa huru, na baadhi yao waliwekwa pamoja na mbilikimo kwa ajili ya kumchekesha mfalme. Tena waliaminiwa penye siri kwa dhana kwamba asiyesikia hana la kutoa, dhana ya kuchekesha sana katika nyumba ambamo kila mtumishi aliifahamu lugha yao, na ambamo hakuna jicho lililozoezwa kusoma nyuso za watu kama jicho la bubu. Walakini khidma yao ilidumu, na hata katika miaka ya mwisho ya dola walikuwapo wakiwatumikia mawaziri barazani.

Katika mji huohuo, karne tisa kabla ya Waturuki kuuteka, Kaizari Justinian alikuwa ametoa sheria mwaka 531 iliyomnyima aliyezaliwa kiziwi na bubu haki ya kuandika wasia. Fikihi ya Kiislamu ilishika njia nyingine. Mejelle, sheria ya madai ya Waosmani iliyotungwa baina ya 1869 na 1876, inasema katika kifungu chake cha 70 kuwa ishara ya bubu inayojulikana ni sawa na kauli ya mdomo; na Minhaji ya Imamu Nawawi, iliyosomwa kwa miaka mingi katika darasa za pwani yetu, inaikubali ishara hiyo katika mikataba, hata bubu aweza kuuza shamba kwa mikono yake na biashara ikasihi.

Mwaka 1880 walimu wa viziwi, karibu wote wenye kusikia, walikutana Milan wakaazimia kwamba matamshi yatangulizwe na ishara ziondolewe shuleni. Miaka tisa baadaye Sultani Abdulhamid wa Pili alifungua skuli ya viziwi Istanbul, na aliyepewa kuiongoza alikuwa Grati, mtu wa Austria. Yaani elimu ya viziwi iliagizwa kutoka Ulaya na kuletwa katika mji ambao makasri yake yalikuwa yamezungumza kwa mikono kwa karne tatu. Katika karne ya 20 ishara zilipigwa marufuku katika madarasa ya Uturuki, na haikuwa ila mwaka 2005 sheria ya nchi hiyo ilipoitambua tena lugha ya mikono. Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, ingawa wabunge wengi wenye kusikia, tofauti na vijana wale wa Topkapi, humwachia mkalimani kazi hiyo.