Kadi ya salamu na vidole vya Bela

Familia iliyokimbia bila mizigo inaweza bado kumtumia ndugu kadi ya Mwaka Mpya, hata bila mihuri ya rangi ya dukani. Lubumbashi ilipokuwa ikiitwa Elisabethville, Bela alichora kwa ncha za vidole tu: alichovya rangi, akagusa karatasi, alama juu ya alama, mpaka wanyama wakatokea.

Alitoka Chad, mbali sana. Alikuwa boyi (ndivyo walivyosema wakati ule, na neno lenyewe halina heshima) wa Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyeanzisha karakana ya Le Hangar mwaka 1946. Humo Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi, naye Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki. Mwalimu hakutaka waige picha za Ulaya; kila mmoja achote katika kumbukumbu zake. Alifariki mwaka 1954.

Kwa kadi, katoni iliyokunjwa yatosha. Gundisha karatasi ya rangi, juu yake nyingine ndogo zaidi. Kidole gumba kinatoa mwili wa ndege, kidole kidogo kichwa. Rangi ikauke kwanza, ndipo uandike jina la ndugu.