Optimus Prime: sanamu ilitangulia katuni

Wapenzi wa sanamu za katuni huipa alama sanamu ya Optimus Prime kwa kuilinganisha na katuni. Mnaanzia katikati, wasomaji! Takara ya Japani ilikuwa ikiliuza roboti hilo tangu 1983, katika mfululizo wa Diaclone. Hasbro ya Marekani ikalichukua, ikalipa jina jipya 1984, na katuni ikatengenezwa ili liuzike. Wachoraji nao wakarahisisha: akigeuka kuwa roboti, trela yake inatoweka tu. (Mwanaprogramu yeyote anawajua watu wa namna hii.) Filamu ya 1986 ikamuua ili kupisha sanamu mpya madukani, na watoto wakalia kweli.

Tangu hapo Takara inakimbizana na mchoro. Masterpiece ya kwanza, 2003, ilikuwa kubwa, nzito, yenye vipande vya chuma, lakini bila trela. Ile ya 2019 inafanana na katuni mno, ila kuigeuza kunachosha. Mimi nachagua ya 2011: lori ni lori, roboti ni roboti, na trela ipo. Haitoweki.