Kurudisha nafasi si kurudisha faida

Wasee, turudi Spa, Ubelgiji, Septemba 2008. Mizunguko imebaki michache, Lewis Hamilton anapambana na Kimi Räikkönen. Hamilton anakata kona, anatokea mbele. Anamwachia Kimi apite, lakini kona inayofuata tu, pap, amempita tena. Baadaye Kimi anagonga ukuta mwenyewe. Hamilton anashinda, kisha waamuzi wanamwongezea sekunde 25. Anashuka hadi nambari 3, ushindi unaenda kwa Felipe Massa, ambaye hakuwa hata kwenye vita hiyo.

Kosa lilikuwepo, sikatai. Alirudisha nafasi, akabaki na faida. Lakini adhabu ya haki ni pale pale: rudi nyuma tena, ngoja. Msimu ulipoisha, Hamilton alimshinda Massa kwa pointi 1 tu. Karibu zawadi ya Spa iamue ubingwa.