Kipeo cha Hurst: Safari ya Tarakimu ya Mto Naili Katika Taaluma Nne

Mwaka 1906 Harold Edwin Hurst aliwasili Kairo akiwa na nia ya kukaa kwa muda mfupi. Aliondoka Misri mwaka 1968. Katika miaka hiyo 62 aliyapima maji ya bonde la Naili kutoka maziwa makuu hadi baharini, na Wamisri wakampa lakabu ya Abu Nil, yaani baba wa Naili. Hakuzaliwa katika ukoo wa wanazuoni. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15 akajifunza useremala, akahudhuria masomo ya jioni mjini Leicester, na baadaye ndipo alipopata nafasi ya kusoma fizikia Oxford. Miongoni mwa kazi zake za awali huko Kairo ilikuwa kupeleka saa rasmi kutoka kituo cha falaki hadi ngomeni, ambako mzinga ulipigwa kila adhuhuri. Hata hivyo herufi ya kwanza ya jina lake, H, sasa imo katika vitabu vya uhandisi, hisabati, uchumi na elimu ya mazingira, nayo husimama mahali pa tarakimu moja ambayo Hurst aliikuta katika madaftari ya watu wengine. Makala hii inaifuata tarakimu hiyo katika safari yake, na inadai kwamba njiani ilipewa jina lililokuja kuchukuliwa kuwa ndilo maelezo yake.

Swali la awali lilikuwa la kihandisi tu. Bwawa la kwanza la Aswan, lililokamilika mwaka 1902 na kuinuliwa mwaka 1912 na 1933, liliweka maji ya mwisho wa furiko ili yatumike katika kiangazi kilichofuata, hasa kwa ajili ya pamba. Halikuweza kuuhamisha wingi wa mwaka wa neema ukafae mwaka wa dhiki. Furiko la mwaka 1913 lilikuwa haba kupita kiasi, na hapo ilidhihirika kwamba Misri ilihitaji ghala la namna nyingine: ghala la karne. Je, liwe na ukubwa gani? Chukua maji ya kila mwaka, utoe wastani, kisha ujumlishe ziada na upungufu mwaka baada ya mwaka. Jumla hiyo hupanda na kushuka. Tofauti kati ya kilele chake cha juu kabisa na bonde lake la chini kabisa ndiyo ghala ambalo lingetosha kutoa wastani kila mwaka bila ya kukauka wala kufurika.

Ikiwa miaka haijuani, yaani ikiwa mwaka wa furiko kubwa haubashiri lolote juu ya mwaka unaoufuata, basi ghala hilo hukua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya miaka. Miaka ikizidishwa mara 4, ghala huzidi mara 2. Hurst alilionyesha jambo hilo mwenyewe, na mwanahisabati William Feller alilithibitisha kwa ukamilifu mwaka 1951. Lakini Naili haukukubali. Kipeo alichokipata Hurst hakikuwa 0.5, bali kilikaribia 0.73. Katika miaka 100 kanuni ya bahati tupu hudai ghala la takriban mara 12.5 ya mkengeuko sanifu. Kanuni ya Hurst hudai mara 17. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni hitilafu ndogo ya hesabu. Kwa mjenzi wa bwawa ni zaidi ya robo ya maji yanayohitajika, na kwa mkulima aliye chini ya bwawa ni tofauti baina ya mavuno na njaa.

Hurst hakuridhika na mto mmoja. Katika makala yake ya mwaka 1951, iliyochapishwa na chama cha wahandisi wa Marekani, alikusanya mifululizo ya takwimu ya mito, mvua, halijoto, viwango vya maziwa, pete za miti, matabaka ya tope la kale, madoa ya jua, na hata bei za ngano. Mfululizo ulio mashuhuri kupita yote ulitoka kisiwani Roda, Kairo, kwenye nguzo ya kupimia Naili iliyojengwa mwaka 861 kwa amri ya Khalifa al-Mutawakkil. Vipimo vilivyorithiwa huanzia mwaka 622, nao ndio mwaka wa Hijra; na kwa kuwa majeshi ya Waislamu hayakuingia Misri hadi mwaka 639, mwanahistoria hana budi kuitazama miaka ya mwanzo kwa tahadhari. Yafaa ikumbukwe pia kwamba waliopima hawakuwa wakitafuta kanuni za maumbile. Walipima kwa ajili ya kodi. Furiko likifika dhiraa 16, kodi ya ardhi ilitozwa kamili. Bila ya makarani wa haraji na wauzaji wa ngano, kipeo cha Hurst kisingejulikana.

Hesabu hizo hazikubaki karatasini. Mwaka 1946 Hurst na wenzake wawili, Black na Simaika, walitoa juzuu ya saba ya *The Nile Basin*, wakipendekeza maji ya karne yawekwe katika maziwa yenyewe, Viktoria na Albert. Kimantiki pendekezo hilo lilikuwa zuri. Ziwa Viktoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,000. Mita 1 tu ya kina chake ni karibu nne kwa tano za maji yote yanayofika Aswan kwa mwaka wa wastani. Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilipofunguliwa mwaka 1954, lilikuwa limeongezewa mita 1 kwa gharama ya Misri kwa madhumuni hayo hayo. Kwa maneno mengine, dhiki ya Misri ingehifadhiwa katika mwambao wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Watu wa mwambao huo hawakuulizwa. Tangu barua za mwaka 1929 Uingereza ndiyo iliyokuwa imesema kwa niaba yao, na ikaahidi kwamba hapatafanyika ujenzi wa kupunguza maji ya Misri pasipo ridhaa ya Misri. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilitangaza kwamba haifungwi na ahadi hiyo. Misri yenyewe ilikwisha geukia njia nyingine, yaani Bwawa Kuu la Aswan, lililoanza kujengwa mwaka 1960 na kukamilika mwaka 1970, likiwa ndani ya mipaka yake.

Kwa upande wa hisabati, tarakimu ya Hurst ilikaa bila ya mlezi kwa zaidi ya miaka kumi. Aliyeichukua ni Benoit Mandelbrot, mzaliwa wa Warsaw, ambaye mwaka 1963 alikuwa ametoa makala juu ya bei za pamba ya Marekani. (Huenda msomaji akaona ajabu kwamba zao lililosababisha Naili kuzibwa ndilo pia lililomwingiza mwanahisabati huyu katika uchumi.) Mwaka 1968, pamoja na Van Ness, aliunda nadharia ya mwendo wa kubahatisha ambamo yaliyopita, hata yaliyo mbali sana, huendelea kuyavuta yajayo. Kolmogorov alikuwa amekwisha kuuona mwendo huo mwaka 1940, ila hakuwa akifikiria mito. Mwaka huo huo wa 1968 Mandelbrot na Wallis walitoa makala kwa wataalamu wa maji, na hapo walihitaji istilahi. Waliziazima kutoka katika Maandiko. Ruko la ghafula lisilo na kadiri, kama lile la bei za pamba, waliliita tukio la Nuhu. Mwandamano wa miaka ya neema ukifuatwa na mwandamano wa miaka ya njaa waliuita tukio la Yusufu.

Wanaisimu wana haki ya kupendezwa na uteuzi huo. Istilahi ya Yusufu haidai kujua sababu. Inataja sura ya jambo, basi, na kwa bahati inaliweka jambo penyewe, Misri, mbele ya mfasiri wa ndoto za Farao. Msemaji wa Kiswahili, awe amelelewa kwa Biblia au kwa Kurani, huielewa mara moja. Lakini istilahi iliyoshinda si hiyo. Iliyoshinda ni ile ya kumbukumbu ndefu, na ndiyo iliyopokewa na wanauchumi. Granger na Joyeux waliipa umbo la kitakwimu mwaka 1980. Hosking alifanya vivyo hivyo mwaka 1981. Na mwaka 1991 Andrew Lo, akizichunguza bei za hisa za Marekani, alionyesha kwamba kumbukumbu iliyodhaniwa kuwa ndefu hutoweka pindi ile fupi inapoondolewa.

Neno hili lina hatari yake. Kwa Kiswahili hatari hiyo huonekana upesi, maana kumbukumbu ni uwezo wa akili, na pia ni maandishi ya yaliyotendeka, kama kumbukumbu za mkutano. Kwamba Naili una kumbukumbu ndefu katika maana ya pili ni jambo lisilo na ubishi: zimo katika daftari za Roda. Je, mto wenyewe unakumbuka? Mwaka 1974 Vit Klemeš, mtaalamu wa maji, aliuliza ni kitu gani cha kimaumbile kingeweza kuyahifadhi ya karne zilizopita, na akaonyesha kwamba kipeo kile kile hupatikana hata kwa mto usiokumbuka chochote, mradi wastani wake ubadilike mara kwa mara. Mto kama huo hausahau wala haukumbuki. Umehama tu.

Naili una ushahidi wa kutosha wa uhamaji. Kati ya mwaka 1870 na 1899 maji yaliyofika Aswan yalikuwa wastani wa mita za ujazo bilioni 110 kwa mwaka. Katika miaka sitini iliyofuata yalikuwa bilioni 84. Mapatano ya Misri na Sudan ya mwaka 1959 yaliigawa ile bilioni 84 kana kwamba ni sifa ya kudumu ya mto: Misri 55.5, Sudan 18.5, na 10 za kupotea kwa mvuke. Wino haujakauka sawasawa, mvua za mwisho wa mwaka 1961 zikaanguka. Hadi mwaka 1964 Ziwa Viktoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2, mashamba ya mwambao na gati zikafunikwa, na maji yanayotoka Jinja yakawa karibu maradufu. Ghala lililokusudiwa kujazwa kwa hesabu lilijijaza lenyewe. Mwaka 2020 lilifikia tena kiwango kile cha mwaka 1964, na wakazi wa mwambao wakahama tena.

Hurst mwenyewe alikuwa amekwisha kulieleza jambo hili kwa njia isiyohitaji neno kumbukumbu. Mwaka 1957 alichapisha katika jarida la *Nature* jaribio alilolifanya kwa karata 52 zilizoandikwa namba, hasi na chanya. Alizichanganya, akakata moja, na namba iliyotokea ikaamua ni karata ngapi kubwa ziingizwe katika fungu moja na ndogo zitolewe, hata fungu hilo likaelemea upande. Kisha akatia jokari. Alikata fungu hilo tena na tena, akiandika kila namba kana kwamba ni furiko la mwaka mmoja, na jokari ilipotokea alizirudisha karata zote, akazichanganya upya, akaanza na fungu jingine lenye mwelemeo mwingine. Kipeo alichokipata kilikaribiana na kile cha Naili.