Nyumba ya Mbunifu wa Mavazi Mjini Marrakech

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii yamfaa hata mwanafunzi wa historia, kwa maana nyumba nayo ni hati. Ajuaye kuisoma hupata humo tabia ya mwenyeji, na pengine hata mambo ambayo mwenyeji hakukusudia kuyasema. Katika insha hii tutaingia katika nyumba ya Yves Saint Laurent, mmoja wa wabunifu wa mavazi waliosifika sana katika karne ya 20.

Ingawa sifa zake alizipatia Paris, Saint Laurent alizaliwa Afrika, katika mji wa Oran, mwaka 1936, Algeria ilipokuwa chini ya utawala wa Ufaransa. Mwaka 1957, akiwa kijana wa miaka 21, alikabidhiwa kazi ya Christian Dior aliyekuwa amefariki. Baadaye akaanzisha kampuni yake pamoja na Pierre Bergé. Mwaka 1966 wawili hao walifika Marrakech, nchini Moroko, wakanunua nyumba katika mji wa kale. Mtu huyu aliyependa mno rangi nyeusi alikiri baadaye kwamba ni Marrakech iliyomfundisha rangi.

Mwaka 1980 walinunua bustani ya Majorelle, iliyokuwa katika hatari ya kubomolewa ili pajengwe hoteli. Bustani hiyo iliasisiwa na mchoraji Mfaransa, Jacques Majorelle, aliyenunua kiwanja mwaka 1923 na kuipaka karakana yake buluu kali inayojulikana hadi leo kwa jina lake. Jumba la hapo waliliita Villa Oasis. Ndani yake mna vigae vya rangi nyingi, lipu iliyochongwa na dari za mbao zilizotiwa nakshi. Saint Laurent alikuwa akienda Marrakech mara mbili kwa mwaka kuchora mavazi yake mapya. Basi si ajabu kuona katika mavazi hayo waridi ikikaa pamoja na rangi ya machungwa, na zambarau pamoja na kijani, kama zilivyokaa katika mji ule.

Huko Paris alikuwa na makao mengine, yaliyojaa picha na sanamu za thamani kubwa. Alipofariki mwaka 2008, vitu hivyo vilinadiwa mwaka uliofuata kwa zaidi ya euro milioni 370, vikatawanyika. Uzuri wa Marrakech haukuweza kunadiwa vipande vipande, kwa sababu ulikuwa umeshikamana na kuta zenyewe. Majivu ya mbunifu huyo nayo yalinyunyizwa katika bustani ile.

Hata hivyo, hatuna budi kuuliza: je, nyumba hiyo yaeleza tabia ya mtu mmoja tu? Vigae vya Moroko hukatwa kwa nyundo, kimoja kimoja, na mafundi waliorithi kazi hiyo kwa mababu. Rangi zilizomshangaza mgeni zilikuwa zikivaliwa na wenyeji kabla hajafika. Majorelle mwenyewe alijenga hapo wakati Wafaransa walipoitawala Moroko, tangu 1912 hadi 1956. Hatusemi kwamba Saint Laurent aliiba, kwani deni lake alilikiri waziwazi. Twasema kwamba jina la mwenye nyumba huandikwa mlangoni, na majina ya mafundi hubaki ndani ya lipu.

Kwa hiyo ni jambo jema kwamba tangu 2011 karakana ile imekuwa makumbusho ya utamaduni wa Waberiberi, na kwamba makumbusho ya kazi za Saint Laurent yalifunguliwa jirani mwaka 2017. Mgeni aweza kuona vyote viwili, kisima na aliyechota. Nasi tunapozisoma nyumba za watu mashuhuri, za ugenini au za kwetu, tuulize kwanza ni nani aliyekaa humo, kisha tusisahau kuuliza ni mikono ya nani iliyozipamba.